Maswali ya Imani: Tumeokolewa, Tunaokolewa, Tutaokolewa

Barua sita za safari hii zimetoka Mwanza na visiwani, na zote zinagusa wokovu na uzima wa milele. Pale makanisa yanapotofautiana tumesema waziwazi nani anafundisha nini.

Bwana Yesu asifiwe. Mimi nilikua kwenye kwaya, imani ikaniingia kidogo kidogo. Sikumbuki siku wala saa. Kanisa nililohamia wananiambia asiyejua tarehe aliyookoka hajaokoka. Tangu hapo sina amani. – Msomaji, Kirumba

Amina, asifiwe. Hakuna mstari wa Biblia unaomdai mtu tarehe. Paulo tunaijua siku yake, njiani kwenda Dameski. Timotheo hatuijui. Tunachoambiwa ni kwamba imani ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5), na kwamba yeye aliyajua maandiko tangu utoto (3:15). Paulo alimkabidhi kanisa la Efeso bila kumuuliza aliokoka lini.

Desturi ya kutaja siku ina historia, tena historia ya ziwa letu hili. Neno "mlokole" tumelitoa kwa Waganda: balokole, yaani waliookoka. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulienea Uganda ukafika Bukoba. Watu walisimama mbele ya wenzao, wakataja dhambi zao kwa majina, wakarudisha walichoiba, wakapatana na waliowakosea. Kazi ile ilikuwa njema sana. Lakini ushuhuda wa siku na saa ulikuwa habari ya wale yaliyowapata hivyo, na kuufanya kipimo cha kila Mkristo ni kuwatwisha watu mzigo ambao Mungu hakuwatwisha.

Sasa tazama lugha yenyewe, maana Kiswahili kinatusaidia hapa. Mtumbwi ukipinduka, tunasema "watatu wameokoka", na msikilizaji hajui wametokaje majini. Tukisema "wameokolewa na wavuvi wa Igombe", mwokoaji ameonekana. Mahubiri yetu yamezoea kitenzi cha kwanza, "nimeokoka", hata mtu anadhani ni kazi aliyoifanya mwenyewe na lazima aikumbuke vizuri. Paulo akiwaandikia Waefeso anatumia cha pili: mmeokolewa kwa neema. Petro alipoanza kuzama (Mathayo 14:30) alilia maneno mawili tu, "Bwana, niokoe", na Yesu ndiye aliyenyosha mkono.

Tena angalia nyakati za kitenzi hicho. Waefeso 2:8 inasema mmeokolewa. 1 Wakorintho 1:18 inasema "sisi tunaookolewa". Warumi 5:9 inasema tutaokolewa. Hizo -me-, -na- na -ta- hazipingani. Hukumu ya dhambi imeondolewa, tabia ya dhambi inaendelea kung'olewa, na kifo chenyewe kitaondolewa siku ya ufufuo. Anayeshika -me- peke yake hulegea, akaona kazi imekwisha. Anayeshika -ta- peke yake huishi na hofu, kila usiku akijiuliza kama ametosha. Wewe umenyang'anywa -me- kwa sababu ya kalenda.

Vipi kuhusu sala ya toba inayoongozwa mikutanoni, "rudia maneno haya baada yangu"? Ni chombo kizuri cha kumsaidia mtu asiyejua aanzie wapi, ila ni desturi changa iliyokuzwa na wahubiri wa uamsho katika karne mbili zilizopita. Mtu anaweza kuitamka mara kumi moyo ukiwa kwingine, na mwingine akatubu kweli bila kuitamka kamwe. Warumi 10:9 inataka vitu viwili: kumkiri Yesu kwa kinywa kuwa ni Bwana, na kuamini moyoni kwamba Mungu alimfufua. Ukiulizwa leo, kinywa chako kinasema nini? Moyo wako je? Jibu la leo ndilo linalohitajika. Na ukitaka alama ya nje, 1 Yohana 3:14 inaitoa: tunajua tumepita kutoka mautini kuingia uzimani kwa kuwa tunawapenda ndugu. Kipimo hicho utakikuta kwenye kwaya yenu, kwa yule msiyeelewana naye.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, mke wangu ni wa AIC (Africa Inland Church). Yeye hunisomea Waefeso 2, mimi humsomea Yakobo 2, tunaishia kununiana. Nani yuko sahihi? – Baba wa watoto wanne, Sengerema

Milele, amina. Ndoa kama yenu si ngeni kusini mwa ziwa. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, walifika Bukumbi mwaka 1883. Misheni iliyozaa AIC ilianza kazi Nassa mwaka 1909. Watoto na wajukuu wa pande hizo mbili wameoana tangu zamani, na ugomvi wenu nao ni wa zamani vilevile.

Fanyeni hivi jioni moja. Mke asisome Waefeso 2:8-9 akaishia hapo. Aende mpaka mstari wa 10. Wa 8 na wa 9 inasema hatukuokolewa kwa matendo. Wa 10 inasema tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Matendo yamewekwa baada ya wokovu, kama tunda lake. Kisha wewe usianze Yakobo 2:24, anza 2:14. Utamkuta mtu anayemwambia ndugu mwenye njaa na uchi aende kwa amani akaote moto na kushiba, asimpe kitu. Yakobo anapiga vita imani ya mdomo, imani ambayo hata mashetani wanayo, nao wanatetemeka (2:19). Paulo anapiga vita jambo lingine: mtu kudhani tohara na sheria ya Musa zinamfanya Mungu awe na deni kwake. Wote wawili wanamtolea mfano Abrahamu na wote wananukuu mstari uleule wa Mwanzo 15:6. Yakobo anaongeza tu yaliyotokea baadaye, Mwanzo 22, pale imani ile ilipojaribiwa. Na Paulo mwenyewe anayajumlisha katika Wagalatia 5:6: imani itendayo kazi kwa upendo.

Mkeo huenda amefundishwa kwamba Wakatoliki wananunua wokovu kwa matendo. Mweleze kwamba Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika kanuni yake ya kwanza kabisa juu ya kuhesabiwa haki (1547), ulimlaani anayesema mtu anaweza kupata haki mbele ya Mungu kwa matendo yake bila neema ya Kristo. Kabla ya hapo, mwaka 418, maaskofu wa Afrika Kaskazini walikutana Karthago wakayakataa mafundisho ya Pelagio, aliyedai binadamu anaweza kutii kwa nguvu zake mwenyewe. Nyuma yao alikuwepo Augustino, Mwafrika. Halafu tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu, nasi tunapewa Roho anayetufanya upya na kutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006 na makanisa ya Kireformed mwaka 2017. AIC si miongoni mwa waliosaini, lakini asome maneno yenyewe aone kama kuna analolikataa.

Tofauti zilizobaki msizifiche. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba neema ya utakaso inaweza kupotea kwa dhambi ya mauti, na dhambi huwa ya mauti pale masharti matatu yanapokutana: jambo lenyewe ni zito, mtu anajua vizuri, na ametenda kwa hiari kamili. Njia ya kurudi ni Kitubio: kujuta, kuungama, kutimiza malipizi. Upande wa Waprotestanti hawana kauli moja. Wanaofuata Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa ya Kireformed (1618–1619), wanasema aliyeokolewa kweli Mungu humlinda hadi mwisho, nao hutegemea Yohana 10:28. Walutheri na Wapentekoste wengi wanasema mtu anaweza kuanguka akapotea, nao huonyesha Waebrania 6:4-6. Juu ya toharani, yaani kutakaswa baada ya kifo, nako mtaendelea kubishana. Ila kwenye shina lenyewe, neema kwanza, mko pamoja zaidi ya mnavyodhani.

Jirani yangu Msabato anasema wafu wamelala hawajui lolote. Mchungaji wangu anasema roho inakwenda kwa Bwana siku ileile. Na huo uzima wa milele ni kuishi tu bila mwisho? Mbona inaonekana kama itachosha? – Msomaji, Nansio, Ukerewe

Tuanze na swali la pili, maana ndilo linalobeba la kwanza.

Tunaposalimiana tunaulizana, "U mzima?" Hatuulizi kama moyo unadunda. Tunauliza kama mtu yuko sawa. Mgonjwa aliyelazwa Bugando ana uhai, lakini ametafuta hospitali kwa sababu amepungukiwa uzima. Waliotafsiri Biblia wakaandika "uzima wa milele" walichagua vizuri. Katika Kigiriki cha Agano Jipya, neno linalotafsiriwa "wa milele" limetokana na neno la "ulimwengu" au "zama", na Wayahudi wa siku za Yesu walizungumza juu ya ulimwengu huu na ulimwengu ujao. Ndivyo Yesu anavyosema katika Marko 10:30: katika ulimwengu ujao, uzima wa milele. Kwa hiyo ni uzima wa aina ya ulimwengu ule, na kutokuwa na mwisho ni sifa yake mojawapo.

Yesu ameueleza mahali pamoja kwa maneno ya moja kwa moja, Yohana 17:3: wakujue wewe, Mungu wa pekee wa kweli, na Yesu Kristo uliyemtuma. Kujua huku si kwa habari. Ni kujua kwa Mwanzo 4:1, Adamu alipomjua Hawa mkewe. Ndiyo maana Yohana 5:24 inasema aaminiye ana uzima huo sasa, amekwisha kupita kutoka mautini. Hofu ya kuchoka inatoka kwenye kuwaza muda mrefu usio na mtu ndani yake. Anayempenda mwenzake hachoki kwa sababu siku ni nyingi.

Sasa wafu. Wasabato wanasimama juu ya Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lolote, na juu ya Paulo kuwaita waliokufa "waliolala" (1 Wathesalonike 4:13-17). Wanafundisha pia kwamba mtu hana roho isiyokufa kwa asili yake. Kutokufa ni zawadi ya siku ya ufufuo. Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na wengi wa makanisa ya kiinjili wanajibu kwa Wafilipi 1:23, Paulo akitamani kwenda zake akae na Kristo, na kwa Luka 23:43, Yesu akimwambia mhalifu kwamba leo hivi atakuwa naye peponi. Wasabato husoma mstari huo kwa kuhamisha kituo: "nakuambia leo, utakuwa pamoja nami". Ni kweli nakala za kale hazikuwa na alama za vituo. Hata hivyo, kila mahali pengine Yesu anaposema "amin, nakuambia" neno "leo" halishikani na kusema kwake, kwa hiyo sisi tunaona usomaji wa kawaida una nguvu zaidi.

Lakini mnachokubaliana wewe na jirani yako ndicho kikubwa: tumaini la Mkristo ni ufufuo wa mwili. Hapa waumini wengi wa pande zote wanateleza. Kwenye misiba tunasikia "amekuwa malaika". Ukristo haufundishi hivyo. Malaika ni viumbe wengine, na binadamu hufufuliwa akiwa binadamu, mwili wake ukivikwa kutoharibika (1 Wakorintho 15:42-44). Paulo anaifunga sura hiyo kwa kazi ya siku za kazi: taabu yenu siyo bure katika Bwana. Mwili utakaofufuliwa ndio huu unaovuta nyavu na kulea watoto, na ulichoutendea mwili wa jirani yako kina uzito huko.

Nilibatizwa utotoni kwa kumwagiwa maji. Sasa nimehamia kanisa la kiroho, wanataka kunizamisha ziwani. Je, ubatizo wa kwanza ni bure? Tena tunaambiwa ziwa lina kichocho, na mimi sijui kuogelea. – Msomaji, Igombe

Kuhusu la kwanza, utapata majibu mawili ya kweli kulingana na nani anajibu. Wakatoliki, KKKT (Walutheri) na Waanglikana wanashika ubatizo mmoja: kama maji yalitiririka juu ya kichwa chako na maneno yakawa "kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu", umebatizwa, na haurudiwi. TAG (Tanzania Assemblies of God), AIC, Wabaptisti na Wasabato wanabatiza anayeamini mwenyewe, kwa kumzamisha, hivyo kwao wa utotoni haukuwa ubatizo. Usikubali kwa kuwa umeona aibu kukataa. Keti na mchungaji, akuonyeshe maandiko yake, kisha uamue. Na yeyote asikuambie kwamba wingi wa maji ndio unaookoa. Mafundisho ya Mitume, maandishi ya Kikristo ya kale sana, yanaagiza maji yanayotiririka. Yasipokuwepo, maji mengine. Ya baridi yakishindikana, ya moto. Na yote yasipotosha kuzamisha, kumwaga maji kichwani mara tatu.

Maneno yana uzito kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 2020 Vatikani ilitamka kwamba ubatizo uliofanywa kwa kusema "Tunakubatiza" si halali, na aliyebatizwa hivyo ni lazima abatizwe. Sharti iwe "Ninakubatiza", kwa kuwa anayebatiza ni Kristo kupitia mhudumu wake, jumuiya haichukui nafasi hiyo. Makosa mengine tunayoyajua: mmoja kumwaga maji na mwingine kutamka maneno, maji kugusa kitambaa cha kichwa tu bila kufika kwenye ngozi, na kutamka maneno wakati maji yamekwisha kukauka.

Sasa ziwa. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono walioko kwenye maji tulivu ya pembeni yenye majani, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Huwa wengi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, ambao kwa bahati mbaya ndio muda wa ibada. Kujifuta kwa taulo hakutoshi kuwa kinga. Njia bora ni tangi au kisima cha kanisani: jazeni maji siku mbili kabla, bila konokono wala majani, kwa sababu vijidudu vikikosa mtu wa kumwingia hufa ndani ya siku moja au mbili. Kimo cha kiuno kinatosha. Mkiamua ziwa, waulizeni wavuvi wa mwalo huo kwanza juu ya mamba na viboko, nendeni asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, chagueni mahali pa mchanga pasipo na matete, na wewe usiyejua kuogelea ushikwe na watu wawili, mmoja mgongoni na mmoja mkononi. Usivae joho zito linaloshuka chini ya magoti, likilowa hukuvuta. Ukiingia majini, nenda zahanati baada ya wiki sita hadi nane ueleze. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, na ukiinywa mapema mno wachanga hubaki.

Naambiwa nitoe sadaka ya mbegu ili jina langu liandikwe kwenye kitabu cha uzima. Sina fedha, nikope? – Msomaji, Nyegezi

Usikope. Katika Matendo 8:18-20 Simoni alitoa fedha apate kipawa cha Mungu, na Petro akamwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Sadaka hutolewa na aliyekwisha kupokea, kwa shukrani, kutoka katika alichonacho (2 Wakorintho 8:12). Anayekuwekea bei anakuuzia kitu ambacho si chake. Dhambi hii haina dhehebu: biashara ya rehema, yaani kuuza msamaha wa adhabu za dhambi, ndiyo iliyomchochea Luther mwaka 1517, na mwaka 1567 Papa Pius wa Tano alifuta rehema zote zilizofungamana na fedha. Ukipata fedha, lipa ada ya mtoto.

Mume wangu alikuwa katekumeni. Alikuwa abatizwe Pasaka. Wiki tatu kabla, dhoruba ilimkuta ziwani, mwili haujapatikana. Wanajumuiya wengine wanasema amekufa mpagani na hastahili Misa. – Mjane, kisiwa cha Kome

Pole sana, mama. Waliokuambia hivyo wamekosea, na tunaweza kukuonyesha walipokosea.

Kanisa Katoliki linafundisha kwamba katekumeni anayekufa kabla ya kubatizwa, akiwa na hamu ya wazi ya ubatizo, majuto ya dhambi zake na upendo, anapata wokovu ambao hakuwahi kuupokea kwa sakramenti. Unaitwa ubatizo wa tamaa. Si fundisho lililobuniwa juzi kufariji wajane. Mwaka 392 Kaisari kijana Valentiniano wa Pili alikufa akiwa ameomba kubatizwa na hajabatizwa. Dada zake walilia hilohilo unalolilia. Askofu Ambrosi wa Milano, mtu asiyejulikana kwa ulegevu, alisimama kwenye mazishi akawauliza kama aliyetamani neema na kuiomba anaweza kuwa ameikosa, na akajibu kwamba alichoomba alikipata. Na mhalifu pale msalabani, hakuna aliyembatiza.

Kuhusu Misa, sheria ya Kanisa iko wazi: kanuni ya 1183, kifungu cha kwanza, inasema kwa habari ya mazishi makatekumeni wahesabiwe pamoja na waamini. Misa ya kumwombea marehemu haihitaji mwili uwepo. Fanya hivi: mwendee katekista aliyemfundisha mumeo, akupe maandishi mafupi kwamba alikuwa amepokelewa katika ukatekumeni na alikuwa akihudhuria. Nenda nayo ofisi ya parokia pamoja na mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo, omba tarehe ya Misa, na umtajie paroko kanuni hiyo kwa namba yake. Kama alikwisha kuchagua jina la ubatizo, mwombe paroko alitaje pamoja na lile la nyumbani. Mwili ukipatikana baadaye, utazikwa kwa ibada ya Kanisa bila kuanza upya maombi haya.